AJIRA HUANZA NA KILICHOMO NYUMBANI: SOMO LA SHOKA NA SOMO LA ALIZETI





UTANGULIZI

Siku moja baada ya swala ya Alasiri alinijia kijana aliyesoma katika madrasa yetu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakuwa mazuri. Aliniomba nimsaidie nauli ya kwenda Dar es Salaam. Nikamuuliza, "Unakwenda kufanya kazi gani?" Akajibu, "Ustadhi, nikifika nitajua."

Tulikuwa tumesimama nje ya nyumba ya baba yake. Nyuma yake, chini ya ukingo wa bati, yalikuwapo magunia tisa ya alizeti yakimsubiri dalali. Mimi niliyaona na yeye aliyaona, lakini hakuna kati yetu aliyeyataja. Nilimpa nusu ya nauli, kwa kuwa sikuwa na jibu lingine. Leo anauza maji ya chupa barabarani huko mjini, jua likiwaka na mvua ikinyesha.

Somo hili ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Ninaliandika kwa ajili yenu mliobaki darasani, kwa sababu mwakani au mwaka unaofuata nanyi mtaulizwa nyumbani: "Sasa utafanya kazi gani?"

1. HALI ILIVYO

Umaskini katika nchi zinazoendelea una sababu nyingi, na moja kubwa ni watu wenye nguvu na akili kukosa kazi yenye kipato. Kwa mujibu wa utafiti wa bajeti ya kaya wa mwaka 2017/18, Watanzania 26 katika kila 100 walikuwa wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2011/12 walikuwa 28. Umaskini umepungua, lakini polepole.

Sasa tuangalie mkoa wetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Singida watu 1,370,637. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya laki sita. Je, nafasi za ualimu, uuguzi na ukarani zimeongezeka kwa kiasi hicho? Kila mmoja anajua jibu. Serikali ina wajibu wa kuajiri na tuna haki ya kuidai, lakini hakuna serikali duniani iliyoweza kumpa kila kijana kiti cha ofisini. Ajira nyingi hutokana na watu kulima, kusindika, kutengeneza, kusafirisha na kuuza.

Kwa hiyo swali letu si "kazi iko wapi?" peke yake. Swali ni "kazi hutengenezwa vipi?" Tutalijibu kwa masomo mawili.

2. SOMO LA SHOKA

Katika vitabu vya Abu Daud na Ibn Majah kuna habari iliyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimuuliza kama nyumbani kwake hakuna kitu chochote. Yule mtu akasema liko tandiko, sehemu yake wanajifunika na sehemu wanatandika, na kiko chombo cha kunywea maji. Mtume akamwagiza avilete.

Vilipoletwa, Mtume alivinadi mbele ya watu. Mmoja alitoa dirhamu moja. Mtume hakuuza hapo hapo, bali aliuliza mara mbili au tatu nani anaongeza, mpaka akapatikana wa dirhamu mbili. Akamkabidhi yule Ansari fedha zake: dirhamu moja akanunulie familia chakula, na moja akanunue shoka amletee. Mtume akalitia shoka mpini kwa mkono wake, akamwambia aende kukata kuni na kuuza, na asionekane kwa siku 15. Alirudi akiwa amepata dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Baadhi ya wanazuoni wamezungumzia udhaifu katika mapokezi ya habari hii. Lakini maana yake inaungwa mkono na hadithi sahihi iliyomo katika Bukhari, inayofundisha kwamba mtu kuchukua kamba akabeba kuni mgongoni akaziuza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime.

Ndugu mwanafunzi, soma tena habari hii kwa jicho la mfanyabiashara. Utaona hatua sita:

(a) Kuhesabu kilichopo. Mtume alianza kwa kuuliza nyumbani kuna nini.
(b) Kutafuta bei nzuri. Bei ya kwanza haikukubaliwa.
(c) Kutenga chakula na mtaji. Dirhamu moja ililiwa, moja haikuguswa.
(d) Kununua chombo cha kazi. Mtaji uligeuka shoka, haukugeuka nguo mpya.
(e) Msaada wa ujuzi. Mwenye shoka bila mpini hawezi kukata, na mpini uliwekwa na anayejua.
(f) Muda na tathmini. Alipewa siku 15, kisha akatoa hesabu.

Mara nyingi sisi tunaanzia hatua ya nne. Tunasema, "Nikipata mtaji nitafanya." Yule Ansari naye hakuwa na mtaji. Alikuwa na tandiko.

3. SOMO LA ALIZETI

Sasa turudi kwenye magunia tisa. Tandiko la Singida ni lipi? Mkoa wetu uko katika ukanda mkavu wa kati na mvua zetu ni za msimu mmoja. Wazee wetu walijua mazao yanayostahimili hali hiyo, kama mtama na uwele. Alizeti nayo inastahimili, ndiyo maana imekuwa zao kuu la biashara, kuanzia Iramba na Mkalama mpaka Ikungi na Manyoni. Mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kimkakati kwa zao hili. Pamoja na hayo, Tanzania bado inanunua sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia.

Hapa pana funzo. Mchikichi si mti wa asili wa Malaysia. Asili yake ni Afrika Magharibi. Malaysia ilianza kuulima kibiashara mwaka 1917. Mwaka 1956 iliunda mamlaka iitwayo FELDA, iliyowapa familia maskini zisizo na ardhi mashamba ya mpira na michikichi, na viwanda vya kukamulia vikajengwa karibu na mashamba hayo. Mwaka 1970 karibu nusu ya kaya za Malaysia Magharibi zilikuwa maskini. Miaka thelathini baadaye umaskini ulikuwa umeshuka chini ya kaya moja katika kumi. Si michikichi peke yake iliyofanya kazi hiyo. Kulikuwa na elimu, barabara na viwanda vingine. Lakini mti wa Afrika ulitoa ajira Asia, na mafuta yake yakaja kuuzwa kwa madumu katika maduka yetu, mita chache kutoka kwenye magunia ya alizeti.

Sasa hesabu kazi zilizomo ndani ya alizeti moja. Yupo anayelima kwa plau na ng'ombe. Yupo anayeuza mbegu bora. Wapo wanaopalilia, wanaovuna vichwa, wanaopiga kwa fimbo na kupepeta. Yupo mshonaji wa magunia, mpakiaji na dereva. Hapo ndipo mzigo wa baba wengi unapokabidhiwa kwa dalali, na kazi zote zinazofuata huondoka na lori.

Lakini alizeti ikikamuliwa hapa, orodha inaendelea. Yupo mwendesha mashine na fundi wa kuitengeneza, maana vyuma vya kukamulia husagika na huhitaji kujazwa na kuchongwa upya. Yupo anayechuja mafuta na anayejaza madumu. Yupo mwenye guta anayepeleka dukani. Na makapi yanayobaki, yaani mashudu, ni chakula kizuri cha ng'ombe na kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida wanajulikana mpaka Dar es Salaam, kwa hiyo mashudu nayo yanazaa kazi: mfugaji, muuza vifaranga, mtoa chanjo na msafirishaji wa matenga. Hata mwenye mizinga ananufaika, kwa kuwa nyuki hufuata maua ya alizeti, na wakiyatembelea mbegu hujaa vizuri zaidi.

Basi shika kanuni hii: kila hatua ya kazi inayoongezwa kwenye zao kabla halijaondoka kijijini ni ajira ya mtu wa kijijini. Kila hatua inayoachwa ni ajira iliyosafirishwa.

4. HESABU KABLA YA MASHINE

Usije ukasoma hapo juu ukakimbilia mashine. Shoka lilinunuliwa baada ya hesabu. Tufanye mfano wa darasani. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Wewe utaweka bei za siku yako.

Vijana watano wananunua gunia moja la alizeti lenye kilo 60 kwa sh. 1,000 kwa kilo, na wanalipia kukamuliwa katika mashine ya mtu mwingine.

Matumizi:
Alizeti kilo 60: sh. 60,000
Kukamua: sh. 6,000
Usafiri: sh. 3,000
Kuchuja na madumu: sh. 5,000
Jumla: sh. 74,000

Mapato:
Mafuta lita 16 kwa sh. 5,000: sh. 80,000
Mashudu kilo 40 kwa sh. 500: sh. 20,000
Jumla: sh. 100,000

Ziada ni sh. 26,000. Inapendeza. Sasa bei ya mafuta ishuke iwe sh. 4,000. Mapato yatakuwa sh. 84,000 na ziada sh. 10,000. Ikishuka mpaka sh. 3,500, ziada ni sh. 2,000 kwa watu watano. Hapo kila mmoja amepata sh. 400, na jasho limetoka.

Jambo hili si la kufikirika. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka na wakulima wengi wa mkoa wetu waliumia, kwani mafuta ya kutoka nje yalikuwa sokoni kwa bei ya chini. Ushuru wa mafuta ya nje hupangwa katika bajeti ya nchi. Kijana wa Ikungi hawezi kuupanga. Anachoweza ni mambo matatu. Kwanza, asiweke fedha zote katika gunia moja. Awe na kuku, vitunguu au asali pembeni. Pili, tazama mfano wetu: bei ilipokuwa mbaya kabisa, mashudu ndiyo yaliyowaokoa wasipate hasara. Anayelisha kuku wake kwa mashudu yake ana mlango wa pili. Tatu, atumie mbegu bora, kwa kuwa mbegu zilizorudiwa shambani miaka mingi hutoa mafuta machache kwa gunia lile lile.

Na wale watano waanze kwa kulipia mashine ya mtu. Wakishamaliza misimu miwili na daftari lao lina ukweli, ndipo wazungumze habari ya mashine.

5. MTAJI USIO NA RIBA

Wanafunzi wengi huniuliza, "Ustadhi, mikopo yote ina riba, tufanyeje?" Si yote. Zipo njia nne.

(a) Mudharaba. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi. Faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana mwanzo, kwa mfano nusu kwa nusu. Ikitokea hasara bila uzembe, mwenye mali anabeba hasara ya mali na mfanyakazi amepoteza jasho lake. Magunia tisa ya baba yangeweza kuwa mali ya mudharaba, na mwanawe akawa mwenye kazi. Andikeni mkataba hata kama ni baba na mwana. Qur'an katika Suratul-Baqara, aya ya 282, imeagiza deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi, na hekima hiyo hiyo inafaa hapa.

(b) Ushirika. Vijana watano wanachanga kila mmoja kiasi chake, na faida inafuata makubaliano.

(c) Mikopo ya halmashauri. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana kasoro, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini tahadhari: mkopo usio na riba bado ni deni. Moja ya sababu za kusimamishwa ni waliokopa na kutorejesha. Muislamu hafanyi hivyo.

(d) Zaka. Hapa ninasema na wazazi na kamati zetu za misikiti. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, akiwemo Imamu Nawawi, wameeleza kwamba maskini mwenye ufundi anaweza kupewa katika zaka kiasi cha kununulia vifaa vya ufundi wake, na mwenye kujua biashara apewe mtaji wa biashara hiyo, ili atoke katika umaskini. Sisi tunagawa zaka sh. 5,000 kwa watu mia, na mwakani watu wale wale mia wanarudi. Laki tano hiyo hiyo ingeweza kumnunulia mama mmoja cherehani, na kijana mmoja mizinga. Nawaomba wazee wetu walitafakari hili. Wagonjwa na wazee wasioweza kazi wana haki yao ya chakula, lakini mwenye nguvu apewe shoka.

Kwa ujuzi, mkoani kwetu ipo VETA kwa ufundi na lipo shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Anayetaka kusindika mafuta ili ayauze mbali aende akaulize pia taratibu za TBS, kwa kuwa tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini yao. Hao ndio watia mpini wa zama zetu.

6. UAMINIFU NI SEHEMU YA MTAJI

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta unyevunyevu. Akamkemea muuzaji kwa kuficha chini kilicholowa. Sisi tunajua magunia yenye mchanga katikati, na wanunuzi nao tunawajua kwa lumbesa: gunia lililojazwa mpaka likapandishwa kilemba, likahesabiwa moja. Wauza vitunguu wa kwetu wameteseka sana na jambo hili. Suratul-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo, na onyo hilo linawahusu wa pande zote mbili za mzani. Uzeni kwa kilo.

Nami nikiri kosa langu. Mwaka mmoja nilinunua madumu matatu ya mafuta ili niuze. Nikayapanga nje, juani, yapendeze machoni mwa wapita njia. Baada ya wiki kadhaa yalianza kunuka. Sikujua kwamba mwanga na joto huharibu mafuta. Mama mmoja aliyenunua aliyarudisha, nikamrejeshea fedha yake na madumu yaliyobaki nikayaondoa. Nilipoteza mtaji, lakini mama yule bado ananunua mayai kwangu. Wekeni mafuta kivulini, katika vyombo safi na vikavu.

Na ukiwa tajiri wa mtu mmoja tu, anayekupepetea alizeti kwa siku, umeshakuwa mwajiri. Mlipe kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofundishwa. Kutoa ajira kisha ukadhulumu ujira si kupunguza umaskini. Ni kuuhamisha kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, sikuandika haya ili kuwazuia kusafiri. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina hakuwa na kitu, na ndugu yake wa Ansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamuombea dua ya baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Alisafiri, lakini alijua kazi anayoijua. Mwenye kuondoka aondoke na ujuzi, asiondoke na begi tu.

Wasichana nao wasidhani somo hili ni la kaka zao. Kuchuja, kujaza, kufuga na kutunza daftari hakuna jinsia, na Mama yetu Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara aliyewaajiri wanaume.

Yule kijana nimempigia simu. Nilimsomea hesabu ya gunia moja, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ustadhi, na mashudu umeyahesabu?" Amesema atakuja msimu wa mavuno aone. Mwombeeni, nami nimeshamwambia baba yake asiharakishe kumwita dalali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja hatua sita tunazojifunza katika habari ya yule Ansari. Ni hatua ipi ambayo watu wa mtaani kwako huiruka zaidi?
2. Andika vitu vitano vilivyomo nyumbani kwenu au shambani vinavyoondoka bila kuongezwa kazi yoyote. Kimoja kati yake kingeweza kuongezewa kazi gani?
3. Rudia hesabu ya gunia kwa kutumia bei za soko lenu za wiki hii. Je, vijana watano wanapata au wanakosa?
4. Eleza tofauti kati ya mudharaba na mkopo wa riba pale biashara inapopata hasara.
5. Muulize mzee mmoja wa msikiti wenu zaka hugawanywa vipi. Mweleze kwa adabu kauli ya Imamu Nawawi, na uandike jibu lake.

Wabillahi tawfiq.